Watano kati ya 654

Kuna jedwali dogo ambalo wanafunzi wa jenetiki katika nchi nyingi hulifanyia mazoezi ya hesabu, na wengi wao hawaangalii lilitoka wapi. Lilitoka Musoma. Mwaka 1956 Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alichapisha matokeo ya vipimo vya damu ya watu wa wilaya hiyo. Katika watoto wachanga 287, watoto 189 walikuwa na damu ya kawaida, 89 walikuwa wamerithi kinasaba cha selimundu kutoka kwa mzazi mmoja, na 9 walikuwa wamekirithi kutoka kwa wazazi wote wawili, yaani walikuwa wagonjwa. Katika watu wazima 654, hesabu ilikuwa 400, 249 na 5.

Kama wagonjwa wangekuwa wanaishi sawa na wenzao, kati ya watu wazima 654 tungetarajia kuwakuta wapatao 20. Walikutwa watano. Watoto wale hawakufuatiliwa mpaka wakakua. Hizi ni picha mbili zilizopigwa wakati mmoja, moja ya walioanza safari na nyingine ya waliofika. Hata hivyo pengo lililo katikati halina mafumbo. Waliokosekana walizikwa wakiwa wadogo, wengi wao bila mtu kujua ugonjwa wao unaitwaje.

Allison mwenyewe hakuwa akiwahesabu wale waliokosekana. Swali lake lilikuwa malaria. Miaka miwili kabla ya hapo alikuwa ameonyesha kwamba mtu mwenye kinasaba kimoja cha selimundu ana kinga fulani dhidi ya malaria kali, na jedwali la Musoma lilimpa ushahidi mzuri: wenye kinasaba kimoja walikuwa 31 katika kila watoto 100, lakini 38 katika kila watu wazima 100. Wao walikuwa wanabaki. Ndiyo maana jedwali hili limeingia vitabuni kama mfano wa uteuzi asilia, na mpaka leo linafundishwa hivyo.

Mimi nasoma historia, shahada ya uzamili, na jedwali hili nilikutana nalo nikitafuta kitu kingine kabisa. Nilitaka kujua upasuaji wa nyonga ulifikaje kwa watu wa Kanda ya Ziwa. Nilidhani nitaanzia kwenye majina ya madaktari wa kwanza na tarehe za kufunguliwa majengo, kama tunavyofundishwa kuandika historia ya hospitali. Nimeishia kuanzia kwa wale watano. Mtu haharibikiwi nyonga akiwa na miaka 25 kama hakufika miaka 25, na mwaka 1956 karibu hakuna mgonjwa wa selimundu aliyekuwa akifika.

*

Sababu ya kulitafuta jambo hili iko nyumbani kwetu Ngokolo, mjini Shinyanga. Dada yangu, aliyenitangulia kwa miaka miwili, ni mgonjwa wa selimundu, na nyonga yake ya kushoto imekufa.

Kijana akichechemea mtaani kwetu, watu wana maswali mawili tayari mdomoni: ulianguka na bodaboda, au uliangukiwa duarani? Ni maswali ya haki. Ukanda huu, kuanzia almasi ya Mwadui mpaka dhahabu ya Kahama na Geita, umewapa vijana kazi na umewapa majeraha pia, na nyonga iliyochomoka kwa kishindo inaweza kukatikiwa damu yake na kuharibika taratibu hata baada ya kurudishwa mahali pake. Lakini dada hajawahi kuingia kwenye duara, na dhahabu ameiona dukani tu. Kwake ilianza na maumivu ya kinena usiku, akiwa na miaka 19. Shangazi alisema ni baridi yabisi. Mama, aliyezoea maumivu ya mifupa ya mwanawe tangu utotoni, alidhani ni yaleyale ya siku zote, yatapita kwa maji mengi na vidonge. Hayakupita. Picha ya kwanza ya eksirei haikuonyesha kitu. Ya pili, mwaka mmoja na nusu baadaye, ilionyesha kichwa cha mfupa wa paja kimebonyea upande wa juu, kama embe lililoangukia jiwe.

Inafaa nieleze kilichokuwa kinatokea ndani, kwa sababu historia yote inayofuata inategemea hapo.

Nyonga ni kiungo cha mpira na kikombe. Mpira ni kichwa cha mfupa wa paja. Kikombe kimechongwa kwenye mfupa wa fupanyonga. Vyote viwili vimevikwa gegedu, tabaka jeupe, laini, lenye utelezi, ambalo unaweza kuliona buchani kwenye ncha ya mfupa wa mbuzi kabla haujakauka. Gegedu halina mishipa ya damu. Linaishi kwa kufyonza ute wa kiungo, kama sifongo linavyofyonza maji kila likibanwa na kuachiwa. Kwa sababu hiyohiyo, likiumia haliponi: hakuna damu ya kuleta vitu vya kujengea. William Hunter, mwanaanatomia wa London, aliandika kuhusu magegedu ya viungo mwaka 1743, naye alikubali kwamba yakishaharibika hayarudi. Karibu miaka 300 imepita na hakuna aliyemkanusha kwa ukamilifu.

Kwa mgonjwa wa selimundu, hata hivyo, gegedu si la kwanza kufa. Chembe zake nyekundu za damu, zikikosa oksijeni, hujikunja mfano wa mundu na kukwama kwenye mishipa midogo. Kichwa cha mfupa wa paja kinalishwa na mishipa michache myembamba isiyo na njia mbadala. Ikizibwa, mfupa ulio chini ya gegedu unakufa, huku gegedu lenyewe likiendelea kuishi kwa ute wake kana kwamba hakuna msiba. Hali hiyo inaweza kudumu miezi mingi, na eksirei haioni kitu, maana mfupa uliokufa karibuni una umbo lilelile la mfupa hai. Kisha siku moja, kwenye kupanda ngazi au kuinuka kitandani, mfupa unabomoka. Gegedu linabaki kama zulia juu ya sakafu iliyotitia. Linakunjamana, linachanika, na kuanzia hapo kila hatua inalisaga.

Ndiyo maana mbinu nyingi za kisasa za kutibu gegedu la nyonga hazimsaidii mtu kama dada. Reinhold Ganz na wenzake wa Bern, Uswisi, walieleza mwaka 2001 jinsi ya kuichomoa nyonga kwa upasuaji bila kuua kichwa chake, ili daktari aone gegedu lote na kulirekebisha. Wengine hutoboa vitundu vidogo kwenye mfupa ili damu ya uboho ipande juu na kuunda kovu linalofanana na gegedu. Mbinu hizo zinadai kitu kimoja: mfupa wa chini uwe hai.

*

Ulimwengu wa tiba za Ulaya na Marekani uliujua ugonjwa huu kwa kuchelewa. James Herrick wa Chicago aliandika mwaka 1910 kuhusu chembe zenye umbo la mundu alizoziona katika damu ya kijana kutoka Grenada, Walter Clement Noel, aliyekuwa akisomea udaktari wa meno. Noel alimaliza masomo, akarudi kwao kufanya kazi, akafariki mwaka 1916 akiwa na miaka 32. Kwa wagonjwa wa wakati wake alikuwa ameishi muda mrefu. Huku Afrika watu walikuwa wakiufahamu kwa njia nyingine. Daktari wa Ghana, Felix Konotey-Ahulu, alionyesha kwamba lugha kadhaa za nchi yake zilikuwa na majina ya maumivu haya ya mifupa yanayotembea katika koo, naye aliufuatilia katika ukoo wake mwenyewe mpaka mwaka 1670. Kwetu tuliuita baridi yabisi, jina ambalo limebebeshwa kila kinachouma kwenye kiungo, na jina pana namna hiyo halimsukumi mtu kwenda kupiga picha.

Wakati huo madaktari wa upasuaji walikuwa wanahangaika na nyonga za watu wengine.

Themistocles Gluck alikuwa Berlin. Mnamo 1890 na 1891 alitengeneza viungo bandia vya pembe za ndovu na kuvipandikiza kwa wagonjwa ambao viungo vyao vililiwa na kifua kikuu. Nilipolisoma hilo nilisimama kidogo. Ni miaka ileile ambayo serikali ya Ujerumani ilichukua rasmi utawala wa nchi yetu, na Zanzibar ilikuwa bado ni soko kubwa la pembe, pembe zilizofika pwani juu ya mabega ya wapagazi wengi wa Kinyamwezi na Kisukuma. Viungo vya Gluck vilishindwa; kifua kikuu kilivifuata hukohuko vilikopandikizwa. Pembe yenyewe haikuwa na kosa. Miaka 70 baadaye, huko Mandalay, daktari San Baw alianza kutumia vichwa vya nyonga vya pembe za ndovu kwa wagonjwa waliovunjika shingo ya paja. Mgonjwa wake wa kwanza, mwaka 1960, alikuwa mtawa wa Kibudha mwenye miaka 83. Matokeo yalikuwa mazuri kiasi cha kumfikisha London mwaka 1969 kuyasimulia mbele ya madaktari wa mifupa wa Uingereza.

Huko Boston, Marius Smith-Petersen alikuwa amejaribu njia nyingine. Mwaka 1923 alitoa kipande cha kioo mgongoni mwa mgonjwa akakuta mwili umekizungushia utando laini unaong'aa. Akawaza: je, nikiivika nyonga kikombe cha kioo, mwili hautaota gegedu jipya chini yake? Vioo vilipasuka. Mwaka 1938 alihamia kwenye kikombe cha madini yaitwayo Vitallium, na kwa miaka mingi hicho ndicho kilichokuwa tumaini la watu wenye nyonga mbovu. Nampenda Smith-Petersen kwa sababu alikuwa bado anabishana na Hunter. Alitaka gegedu lirudi.

John Charnley hakuhangaika kulirudisha. Alifanya kazi Wrightington, Lancashire, hospitali iliyokuwa ya kifua kikuu, na alikata shauri kwamba gegedu likiisha limeisha. Kilichobaki ni kulitafutia kitu kingine chenye utelezi. Kwanza alitumia Teflon, plastiki tunayoijua kwenye vikaangio visivyogandisha. Aliwawekea mamia ya watu kati ya 1958 na 1962, na kwa karibu wote ikasagika. Unga wake ukaleta uvimbe uliokula mfupa. Charnley aliingiza unga huo kwenye paja lake mwenyewe ili aone unafanya nini. Kisha mwezi Mei 1962 mfanyabiashara mmoja akaleta plastiki ya aina ya polithini iliyotumika kutengenezea gia za mitambo ya kufumia nguo. Charnley aliikwaruza kwa ukucha, akaidharau, akasafiri. Fundi wake, Harry Craven, aliiweka kwenye mashine ya kupimia kusagika bila kuambiwa. Baada ya wiki tatu ilikuwa imesagika kidogo kuliko Teflon kwa siku moja. Novemba 1962 Charnley alianza kuiweka kwa wagonjwa: kichwa kidogo cha chuma, kikombe cha plastiki, vyote vikishikiliwa na saruji maalumu. Nyonga bandia nyingi zinazowekwa leo, Muhimbili au Manchester, ni wajukuu wa ile.

Lakini ilikuwa nyonga ya wazee. Charnley aliwachagua hivyo kwa makusudi. Alijua plastiki itasagika tu, japo polepole, na alitaka mgonjwa atakayeitumia kwa upole na, kusema ukweli bila kuzunguka, atakayekufa kabla haijaisha. Bibi wa Lancashire mwenye miaka 68 na gegedu lililochakaa kwa umri ndiye ambaye kifaa kile kilibuniwa kwa ajili yake. Miguu yake, mwendo wake na miaka iliyombakia vimo ndani ya vipimo vyake.

*

Mwaka ambao jedwali la Musoma lilichapishwa, Dar es Salaam ilipata hospitali mpya iliyopewa jina la Princess Margaret, binti wa mfalme wa Uingereza aliyekuja kuzuru Tanganyika mwaka huohuo. Baada ya uhuru hospitali hiyo ikawa Muhimbili. Mkoa wa Mara, ambako damu ile ilitolewa, ndiko alikozaliwa mwaka 1936 Philemon Sarungi, kijana aliyekwenda kusomea udaktari Hungaria na kurudi kuwa miongoni mwa Watanzania wa kwanza kubobea katika upasuaji wa mifupa. Wengi wa rika langu walimjua kama waziri wa zamani, maana aliongoza Wizara ya Afya na baadaye Ulinzi; alipofariki Machi 2025, tanzia nyingi zilianza na uwaziri. Wauguzi wa zamani wangeanza na wodi. Mwaka 1996 Bunge lilipitisha sheria ya kuanzisha Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, na hapo upasuaji wa mifupa nchini ukapata nyumba yake yenyewe. Huku kwetu Bugando, juu ya kilima chake Mwanza, ilikuwa imefunguliwa tangu 1971.

Nani aliingia kwenye milango hiyo akitafuta nyonga mpya? Jibu zuri zaidi ninalolijua limetoka kwa jirani. Malawi ilianzisha daftari la taifa la viungo bandia mwaka 2005, jambo ambalo nchi chache za Afrika zimelifanya. Ripoti yao ya kwanza, ya mwaka 2009, ilihusu nyonga 73 za watu 58. Sababu kuu ya kubadilishwa ilikuwa mfupa kufa kwa kukosa damu. Uzee wa gegedu, ambao Uingereza ndio unaojaza foleni yote, ulikuja nyuma. Na miongoni mwa wagonjwa alikuwamo mwenye miaka 18.

Kifaa cha bibi wa Lancashire kimefika kwa vijana. Nadhani hili ndilo jambo kubwa katika historia hii, na halimo kwenye tanzia wala kwenye hotuba za ufunguzi wa majengo.

Ugumu wake unaonekana kwenye meza ya upasuaji. Kwa mgonjwa wa selimundu, hata ubaridi wa kiyoyozi ni adui. Mwili ukipoa mishipa midogo hubana, na chembe hukwama. Lazima apewe joto, maji na oksijeni ya kutosha, na mara nyingi aongezewe damu kabla ya kisu. Uboho wake umekuwa ukifa na kupona kwa miaka, kwa hiyo tundu la katikati ya mfupa wa paja, ambamo shina la nyonga bandia linapaswa kuingia, linaweza kuwa limezibwa na mfupa mgumu kama kokoto. Daktari anayetoboa kwa nguvu anaweza kutokezea nje. Kisha kuna maambukizi. Charnley alijenga chumba cha hewa safi ndani ya chumba cha upasuaji na kupunguza maambukizi kutoka zaidi ya wagonjwa 7 katika kila 100 hadi kama mmoja, lakini wengi wa wagonjwa wake walikuwa na wengu linalofanya kazi. Mgonjwa wa selimundu kwa kawaida wengu lake lilishaharibika utotoni, na bakteria wengine humkalia kwenye mifupa.

Kuna njia ya kujaribu kuokoa nyonga kabla haijabomoka: kutoboa kichwa cha mfupa ili kupunguza shinikizo na kukaribisha damu mpya. Wafaransa Paul Ficat na Jacques Arlet wa Toulouse waliieneza, na inaeleweka kwa akili ya kawaida, jambo linalonifanya niitilie shaka kidogo. Mwaka 2006 matokeo ya jaribio la Marekani yalichapishwa. Wagonjwa wa selimundu waligawanywa kwa kura: kundi moja lilitobolewa na kupewa mazoezi ya viungo, jingine lilipewa mazoezi peke yake. Waliomaliza walikuwa 38. Baada ya wastani wa miaka mitatu, nyonga 82 katika kila 100 za kundi la kwanza zilikuwa hazijahitaji upasuaji zaidi. Za kundi la pili, 86. Jaribio ni dogo, na yapo madaktari wasiolikubali. Wengine, kama Philippe Hernigou wa Ufaransa, hutoboa na kuingiza uboho wa mgonjwa mwenyewe wenye chembe za kuotesha mfupa. Huyohuyo Hernigou, akiwafuatilia watu wazima wenye selimundu ambao nyonga zao zilikuwa zimeanza kuuma, aliona zaidi ya vichwa 8 kati ya 10 vimebomoka ndani ya miaka mitano.

Dada hakutobolewa, na wala mazoezi hakupewa wakati yalipokuwa na maana. Eksirei ya kwanza ilikuwa safi, akaambiwa aende nyumbani. Kipimo cha kuona mfupa uliokufa kabla haujabonyea ni MRI, na wakati ule kwa familia yetu neno hilo lilikuwa na maana ya nauli, siku za kulala kwa watu, na kulipa taslimu. Sitaji hospitali, kwa sababu ninavyojua sasa hapakuwa na mtu aliyefanya kitu cha ajabu. Walisoma picha waliyokuwa nayo.

*

Alipofikisha miaka 24 daktari bingwa wa mifupa alimwambia asubiri. Nilikuwepo. Alimwita mdogo wangu, akamwonyesha picha kwenye kioo chenye taa, akamweleza kwamba nyonga bandia ina umri wake, na kwamba akiwekewa sasa atairudia akiwa na arobaini na kitu, na ya pili huwa ngumu kuliko ya kwanza. "Tumia fimbo, punguza kubeba ndoo, tutaonana baada ya miezi sita." Dada akamwuliza, "Shikamoo ya pili daktari, nisubiri mpaka lini?" Alicheka, na sisi tukacheka, lakini swali lilibaki hapo mezani.

Nimelifikiria swali hilo kama mwanafunzi wa historia, kwa sababu jibu lake limebadilika mara kadhaa. Zamani hapakuwa na swali. Baadaye, wagonjwa walipoanza kufika ukubwani, daktari angeweza kusita kwa sababu mbili zinazogongana: kwamba mgonjwa ni mdogo mno kwa kifaa, na kwamba hataishi miaka mingi ya kukitumia. Sababu ya pili haisemwi tena kwa sauti, na inazidi kukosa msingi. Ya kwanza nayo imepungua uzito. Uchambuzi uliotolewa mwaka 2019, uliokusanya takwimu za nchi kadhaa, ulikadiria kwamba nyonga bandia kama 58 katika kila 100 hudumu miaka 25. Hizo ni nyonga za zamani. Plastiki mpya, iliyoshikamanishwa zaidi tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, husagika kidogo zaidi. Ni kweli pia kwamba wengi katika takwimu zile ni wazee wa Ulaya, hawakimbilii daladala.

Upande wa pili wa mizani ni ile miaka ya kusubiri yenyewe. Kati ya 24 na 40 mtu huanza kazi, huolewa, huzaa, hujenga. Dada alimaliza diploma ya ualimu, na ualimu ni kazi ya kusimama. Nyonga inayosubirishwa haikai kimya pia: misuli inasinyaa, mguu unafupika, goti na mgongo vinaanza kubeba mzigo usio wao. Mimi naona, na nasema hili kama mtu wa familia, kwamba ushauri wa kusubiri ulirithiwa kutoka kwa Charnley pamoja na kifaa chake, na ulikuwa na busara pale ulipoanzia. Kumwambia mwanamke wa miaka 27 mwenye fimbo asubiri uzee ndipo apewe mguu ni kumpangia maisha kwa vipimo vya bibi wa Lancashire.

Madaktari wa sasa wanalijua hili kuliko mimi. Yule bingwa wake, kwenye ziara ya mwaka jana, ndiye aliyeanza kulisema: maumivu yakizuia kazi na usingizi, umri si kizuizi tena. Yamebaki mambo ya fedha na damu. Ndugu wanne wamekubali kuchangia damu, mmoja ni shemeji ambaye hatukumtegemea. Bima tunaifuatilia.

*

Mwaka 2020 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi ambao nauona kama jedwali la pili la Musoma. Maabara ya Bugando ilikuwa na matone makavu ya damu ya watoto wachanga wa mikoa ya kaskazini magharibi, yaliyokusanywa kwa ajili ya kipimo cha Virusi vya UKIMWI. Watafiti waliyapima tena, safari hii wakitafuta selimundu. Sampuli zilizidi 17,000. Wenye kinasaba kimoja walikuwa asilimia 20.3, na wagonjwa asilimia 1.2. Kwa nchi nzima, makadirio yanayotajwa zaidi ni kwamba Tanzania hupata watoto wapya wapatao 11,000 wenye ugonjwa huu kila mwaka.

Tofauti na 1956 ni kwamba wengi zaidi wa watoto hawa watakua. Muhimbili, ambako Julie Makani na wenzake walianza mpango wa selimundu mwaka 2004, wamefuatilia maelfu ya wagonjwa. Bugando kumefanyika utafiti wa kuwapa watoto hydroxyurea, dawa inayopunguza kujikunja kwa chembe, ili kuwakinga na kiharusi. Kinga dhidi ya nimonia, vyandarua na dawa za malaria vinafanya kazi yao kimyakimya.

Watoto ambao damu yao ilipimwa Bugando walizaliwa takriban mwaka 2017 na 2018. Watafikisha miaka 20 mwaka 2037 na 2038, umri ambao kinena cha dada kilikuwa tayari kinamwamsha usiku. Hydroxyurea haijathibitishwa kwamba inazuia kichwa cha paja kufa. Kliniki nyingi za selimundu za kanda hii humpima mtoto damu, wengu na homa. Kumlaza chali na kumzungusha mguu ndani na nje, uone kama nyonga inagoma, ni kazi ya dakika mbili na haihitaji mashine. Dada humfanyia hivyo mtoto wa jirani yetu kila mwezi akitoka kliniki, pale kwenye mkeka wa mama, na humwambia mama yake, "Huu wa kulia unazunguka vizuri, mama. Wa kushoto nao tuuone."